Majina 118 na Mwanamke Asiyekuwa Daftarini

Vita vilipokwisha Ulaya mwezi Mei 1945, idara moja ya siri mjini London ilibaki na deni la majina 118. Walikuwa majasusi wa Kitengo F cha SOE, idara ya Uingereza iliyowapeleka watu Ufaransa kulipua reli, kugawa silaha na kutuma habari kwa redio. Kitengo hicho kilipeleka watu zaidi ya 400. Kwa hiyo katika kila wanne, mmoja hivi hakurudi, na hakuna aliyejua kama yu hai au amekufa.

Deni hilo alilibeba afisa mmoja: Vera Atkins, mzaliwa wa Romania wa mwaka 1908. Wakati wa vita ndiye aliyewaandaa majasusi, akawasindikiza hadi uwanja wa ndege na kuwaandikia wazazi wao kwamba mambo ni shwari. Sasa wazazi walitaka jibu.

Kwa nini walipotea bila alama

Kupotea kwao kulipangwa. Tarehe 7 Desemba 1941 Hitler alitoa amri iliyoitwa "Usiku na Ukungu": wafungwa wa aina fulani watoweshwe, ndugu wasiambiwe lolote. Tarehe 18 Oktoba 1942 ikafuata amri ya kuwaua makomando waliokamatwa, hata kama wamevaa sare. Hivyo mpelelezi hakukuta makaburi, na mara nyingi hata majina hakuyakuta, kwa kuwa yalikusudiwa yasiwepo.

Kuna sababu nyingine ambayo London ilijiletea yenyewe. Wajerumani walizikamata redio za majasusi na kuendelea kuzitumia kana kwamba wenyewe wapo kazini. Dalili za hila zilikuwapo katika ujumbe, lakini zilipuuzwa. Mwishoni mwa Februari 1944 jasusi Madeleine Damerment aliruka kwa mwavuli, na waliompokea chini walikuwa Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani.

Afisa mmoja, nchi nzima ya magofu

SOE ilivunjwa Januari 1946, mwezi uleule ambao Atkins alianza upelelezi wake Ujerumani. Idara iliyowatuma majasusi ilifungwa kabla ya kujua walikoishia. Atkins akapewa cheo cha jeshi la anga na meza katika kitengo cha uhalifu wa vita cha jeshi la Uingereza, mjini Bad Oeynhausen. Mtaji wake ulikuwa kumbukumbu: alizijua sura za watu wake, majina yao ya kificho, hata nguo walizosafiri nazo. Akawahoji wafungwa walionusurika, askari magereza na maofisa wa kambi, akiwamo Rudolf Höss, aliyekuwa mkuu wa Auschwitz.

Hesabu ya safari moja

Tarehe 13 Mei 1944 majasusi wanawake 8 waliokamatwa walitolewa Ufaransa na kupelekwa gereza la Karlsruhe. Mmoja wao, Odette Sansom, alirudi hai. Wakabaki 7.

Mashahidi wa kambi ya mateso ya Natzweiler walisema wanawake 4 waliletwa huko tarehe 6 Julai 1944, wakachomwa sindano ya sumu na miili yao ikatiwa kwenye tanuri siku hiyohiyo. Brian Stonehouse, jasusi mchoraji aliyekuwa mfungwa hapo, aliwaona wakipita na aliweza kueleza sura na mavazi yao. Atkins akawatambua Andrée Borrel, Vera Leigh na Diana Rowden. Wa nne, mwezi Aprili 1946, akamwandika kuwa ni Noor Inayat Khan, jasusi mwingine aliyepotea.

Hesabu ikagoma. Noor hakuwamo kabisa katika wale 8. Julai ile alikuwa bado amefungwa katika gereza la Pforzheim. Yeye na watatu waliobaki Karlsruhe, yaani Damerment, Yolande Beekman na Eliane Plewman, walipigwa risasi katika kambi ya Dachau tarehe 13 Septemba 1944. Basi yule wa nne wa Natzweiler alikuwa nani?

Alikuwa Sonia Olschanezky. Atkins hakumpata hadi mwaka 1947, na sababu ni nyepesi: Sonia aliajiriwa hukohuko Ufaransa. Hakuwahi kupita London, kwa hiyo hakuwa na faili, picha wala mtu wa kumsindikiza.

Kilichopatikana

Kesi ya Natzweiler ilisikilizwa Wuppertal kuanzia 29 Mei hadi 1 Juni 1946: siku 4, washtakiwa 9. Watatu waliachiwa huru na watano wakafungwa. Mmoja, daktari wa kambi Werner Rohde, alinyongwa.

Katika majina 118, Atkins alifuatilia 117 hadi mwisho. Wanawake waliokufa, Sonia akiwamo, walikuwa 14: wanne Natzweiler, wanne Dachau, wanne Ravensbrück na kambi iliyokuwa jirani yake, mmoja Bergen-Belsen kwa homa ya taifasi siku chache baada ya kukombolewa, na mmoja aliyefia hospitalini Ufaransa. Kwa wale 12 waliouawa, aliishawishi Wizara ya Vita iache kuandika kwamba walifia gerezani. Ikaandika kwamba waliuawa wakiwa vitani.

Kwa gharama ya afisa mmoja na takriban mwaka mmoja, hayo ni mavuno makubwa. Lakini hesabu hiyo ina sharti lake: upelelezi huanza na orodha, na orodha huandikwa na ofisi inayojua watu wake tu. Tarehe 6 Mei 1991 mnara wa kumbukumbu ya waliokufa wa Kitengo F ulizinduliwa Valençay, Ufaransa, ukiwa na majina 104: wanaume 91 na wanawake 13. Anayepungua kufikia 14 ni Sonia. Daftari la London halikuwa na jina lake, na jiwe likanakili daftari.