Kupoa si Kupona: Istilahi za Sindano ya Kotisoni ya Bega

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifisha istilahi tumezoea kuanza na neno la kigeni, kisha kulitafutia mwenzake wa Kiswahili. Safari hii tulianza kwa njia nyingine. Tuliletewa karatasi ya maelezo kwa wagonjwa, iliyokwisha kufasiriwa, ili tuikague lugha yake kabla haijapigwa chapa. Karatasi hiyo ilihusu sindano ya kotisoni ichomwayo begani. Sentensi mojawapo ilisema: "Sindano hii huponya bega, na baada yake mgonjwa ataweza kuendelea na kazi." Sarufi ya sentensi hiyo haina ila. Ila yake imo katika kitenzi kimoja, "huponya", na ndicho kilichotufanya tuandike makala hii.

Ili uzito wa kitenzi hicho uonekane, tumchukue msomaji hadi Isongole, kata ya Wilaya ya Rungwe iliyo kando ya barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu. Nchi ile ni ya baridi na mvua nyingi, na viazi mviringo ni miongoni mwa mazao yake makubwa. Viazi hutoka shambani kwa magunia, na magunia hupanda lori kwa mabega ya watu. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na ndiyo sababu serikali imepiga vita lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Lakini hata gunia la halali ni zito. Pendekezo Namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo achukuao mwanamume mzima kwa kazi ya kawaida usizidi kilo 55.

Kijana apakiaye magunia, aliyeumia bega, akisoma kwamba sindano imemponya, atarudi kwenye gunia kesho yake. Akisoma kwamba sindano imempoza tu, huenda akangoja. Tofauti ya vitenzi viwili yaweza kuwa tofauti ya bega zima na bega bovu.

Mnyanyuaji ni nani?

Maandishi mengi ya kigeni kuhusu sindano hii huwazungumzia wanamichezo, hasa wanyanyua vyuma. Mfasiri asiyejiuliza msomaji wake ni nani atayafasiri kama yalivyo, na mchukuzi wa Isongole atadhani hayamhusu. Kumbe yanamhusu. Mnyanyua vyuma hushika chuma chenye uzito uliosawazishwa pande mbili. Chuma chenyewe, kabla ya kutiwa visahani, kina kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake. Akikipandisha juu ya kichwa mara moja, amemaliza zamu yake. Mpakiaji wa viazi hana mahali pa kushika, uzito humlalia upande mmoja, naye hurudia tendo lile lile tangu asubuhi hadi jioni. Hata hivyo, wote wawili hukutana katika jambo moja: mkono unaolazimishwa kupanda juu ya kichwa ukiwa na mzigo. Hapo ndipo bega huumia.

Kiswahili hakina ukata wa maneno katika uwanja huu. Anayeweka mzigo kichwani hujitwika. Anayeuweka begani hupagaa, na kutokana na kitenzi hicho tumepata "mpagazi". Anayening'iniza mizigo miwili kwenye ncha za mti uliolala begani huchukua mzegazega. Pwani kuna hamali, na bandarini kuna kuli. Sisi tunapendekeza "mnyanyua vyuma" litumike kwa mwanamichezo, na "mchukuzi" kwa afanyaye kazi ya mizigo. Maelezo ya afya yanayowahusu wote wawili yawataje wote wawili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mfasiri asiwe miongoni mwa wanaouona hivyo.

Sehemu za bega

Ugumu wa kwanza ni neno "mkono", ambalo kwetu huanzia begani hadi ncha za vidole. Mgonjwa akisema "mkono unaniuma", bado hajasema pa kuchoma sindano. Neno "bega" lenyewe, ambalo wengine huliita "fuzi", hutaja umbo la nje. Ndani yake mna mtulinga, ule mfupa wa mbele utokao kifuani, na kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni. Mfupa wa mkono una kichwa cha mviringo kinachokaa katika kikombe kifupi mno cha kombe. Ufupi huo ndio unaotuwezesha kuzungusha mkono pande zote, na ndio unaolifanya bega liwe jepesi kuumia.

Kinachokishikilia kichwa hicho mahali pake ni kano za misuli minne zinazokizunguka. Kwa kundi hilo tunapendekeza "kano zungushi", kwa kufuata mfano wa "shirikishi" na "jumuishi". Juu ya kano hizo kuna kifuko chembamba chenye majimaji ya kulainisha, ili kano zisisagwe na mfupa ulio juu yake. Hicho tunakiita "kifuko cha ute".

Ugumu wa pili, ambao ni mkubwa zaidi, ni neno "mshipa". Katika mazungumzo mshipa ni njia ya damu. Mshipa pia ni kano. Mshipa pia ni neva. Na kwa wengine mshipa ni ugonjwa wa ngiri. Katika mazungumzo ya nyumbani hakuna hasara. Katika maelezo ya sindano hasara ipo, kwa sababu "sindano ya mshipa" hueleweka mara moja kuwa ni ile itiayo dawa katika damu. Kwa hiyo mfasiri aandike "mshipa wa damu", "kano" au "neva", kila moja mahali pake, wala asiliache "mshipa" likisimama peke yake.

Vitenzi vya kuumia navyo vitenganishwe. Bega huteguka mfupa unapoondoka mahali pake. Kano huchanika inapopasuka sehemu, na hukatika inapoachana kabisa. Asemaye "bega limeshtuka" amesema maumivu tu, bado hajataja jeraha.

Jina la dawa

Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo, mjini Rochester, Marekani, daktari Philip Hench alimchoma mgonjwa wa baridi yabisi dawa iliyotokana na utafiti wa mkemia Edward Kendall. Mwaka 1950 wawili hao, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia alieleza matumizi ya haidrokotisoni, ndugu wa dawa hiyo, kwa kuichoma ndani ya kiungo chenyewe.

Jina "kotisoni" lina asili yake katika neno la Kilatini lenye maana ya gome la mti. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tabaka la nje la tezi hiyo limefananishwa na gome, na dawa hii ni ya jamaa ya kemikali zitengenezwazo na gome hilo. Kuhusu tahajia, wengine huandika "kortisoni". Sikio la Kiswahili laweza kuyakubali yote mawili, maana tuna "korti" iliyobakiza sauti ya r na "ripoti" na "shati" zilizoiacha. Sisi tunachagua "kotisoni" kwa wepesi wa kutamka, na tunaomba umbo moja litumike kote.

Hata hivyo, mfasiri ajue kwamba jina hili limebaki hali kilichomo kimebadilika. Kotisoni yenyewe haina nguvu mpaka igeuzwe na ini kuwa haidrokotisoni. Kwa hiyo haifai kuchomwa mahali penye ugonjwa. Kichupa kinachoitwa leo cha kotisoni kwa kawaida kina methiliprednisoloni au triamsinoloni. Kwa sababu hiyo, "sindano ya kotisoni" itumike kama jina la jumla, lakini jina la dawa liandikwe kama lilivyo kwenye kichupa, ili muuguzi aweza kulinganisha.

Steroidi mbili

Kotisoni ni moja ya steroidi, na neno hili limekwisha kuharibiwa jina. Vijana wa mazoezi wasikiapo "steroidi" huwaza dawa za kutunisha misuli. Baadhi yao huikataa sindano ya bega kwa kuogopa kuonekana wadanganyifu. Wengine huitafuta wakidhani itawaongezea nguvu. Wote wamepotoshwa na neno moja. Steroidi ni ukoo mkubwa wa kemikali wenye umbo la msingi linalofanana, na watoto wa ukoo huo hutofautiana tabia. Dawa za kutunisha misuli hufuata mfano wa homoni ya kiume. Jamaa ya kotisoni hutuliza uvimbe, na ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu huidhoofisha misuli badala ya kuijenga.

Basi neno "steroidi" lisiachwe bila kifafanuzi. Tunapendekeza "steroidi za kujenga misuli" na "steroidi za kotisoni". Mwanamichezo aambiwe pia kwamba hizo za kwanza zimekatazwa wakati wote, na kwamba tangu tarehe 1 Januari 2022 kanuni za shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, zinakataza sindano za steroidi za kotisoni wakati wa mashindano, zichomwe popote mwilini.

Kuchoma wapi?

Viunganishi vyetu vya mahali vina ukarimu mno. "Kwenye kano" yaweza kuwa ndani ya kano, juu yake au karibu nayo. Katika sindano hii, dawa hutiwa ndani ya kifuko cha ute au ndani ya kiungo. Kuitia ndani ya kano huepukwa, kwa sababu yaweza kuidhoofisha mpaka ikatike. Mfasiri aandike "ndani ya kifuko cha ute" au "kandokando ya kano, si ndani yake". Herufi zitaongezeka kidogo, na hatari itapungua sana.

Kupoza na kuponya

Sasa tumefika kwenye kiini. Sindano ya bega mara nyingi huwa na vitu viwili: dawa ya ganzi na steroidi. Ganzi hufanya kazi baada ya dakika chache, nayo huisha baada ya saa kadhaa. Steroidi huanza kufanya kazi baada ya siku chache, na nafuu yake huweza kudumu majuma kadhaa au miezi michache. Mchukuzi ainukaye kitini na kupandisha mkono bila maumivu hajapona, amekufa ganzi. Aamkaye baada ya juma moja akiwa na nafuu naye pengine hajapona, amepoa. Kano iliyochanika haiungwi na dawa hii. Maumivu yalikuwa mlinzi mlangoni, na mlinzi amelazwa usingizi.

Kinachotulizwa ni hali ambayo Celsus, mwandishi wa Roma ya kale, aliitaja kwa dalili nne: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Neno "uvimbe" peke yake halitoshi, kwa kuwa hutumika pia kwa vinyama viotavyo mwilini. Tunapendekeza "uvimbe-moto". Uzuri wa neno hili ni kwamba kilicho moto hupoa, na "kupoza" ndicho kitenzi chake cha haki.

Tunakiri kwamba vijana wameleta tatizo jipya. "Poa" katika salamu zao maana yake ni "sawasawa kabisa", na asemaye "bega liko poa" atadhaniwa amepona. Kwa hiyo tofauti hiyo isiachiwe msomaji aibashiri, itamkwe waziwazi. Pamoja nayo yatajwe mambo matatu: kwamba mgonjwa apumzike kazi nzito kwa muda atakaoelekezwa, kwamba sindano zisirudiwerudiwe, maana madaktari wengi hawapendi zizidi tatu au nne kwa mwaka katika kiungo kimoja, na kwamba mwenye kisukari aseme mapema, kwa kuwa sukari yake yaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Istilahi zinazopendekezwa

Kano: uzi mgumu uunganishao msuli na mfupa.
Kano zungushi: kano za misuli minne zinazokizunguka kichwa cha mfupa wa mkono begani.
Kifuko cha ute: kifuko chembamba cha majimaji kizuiacho msuguano karibu na kiungo.
Kombe la bega: mfupa bapa wa nyuma ya bega.
Mtulinga: mfupa wa mbele uunganishao kifua na bega.
Uvimbe-moto: hali ya mwili kuwa na wekundu, joto, uvimbe na maumivu kwa sababu ya jeraha au ugonjwa.
Steroidi za kotisoni: dawa za kutuliza uvimbe-moto, za jamaa ya kemikali za gome la tezi ya juu ya figo.
Steroidi za kujenga misuli: dawa za kuongeza misuli zifuatazo mfano wa homoni ya kiume.
Kutia ganzi: kuondoa hisia mahali fulani kwa muda mfupi.
Kupoza: kupunguza uvimbe-moto na maumivu bila kuondoa jeraha.
Kuponya: kurudisha afya ya sehemu iliyoumia.

Hitimisho

Karatasi tuliyoletewa tuliirudisha na sentensi hii mahali pa ile ya kwanza: "Sindano hii hupoza uvimbe-moto na maumivu ya bega kwa muda. Haiungi kano iliyochanika. Bega likipoa usidhani limepona. Usichukue mzigo mzito wala usinyanyue vyuma mpaka mtaalamu wa afya akuruhusu."

Istilahi hizi ni mapendekezo. Walimu, wafasiri na watumishi wa afya, hasa wale wanaowahudumia wachukuzi mashambani na masokoni, huyasikia maneno ambayo sisi hatuyasikii mezani petu. Tunawaomba watuandikie: ni neno gani watu wa kwao hulitumia kwa bega lililopoa ambalo halijapona? Likiwapo, na liwe bora kuliko letu, tutalipokea kwa mikono miwili.