Usimkasirikie Piloti Akikataa Gunia Lako

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani, leo hatusemi habari ya kofia ya chuma wala ya vumbi. Tuseme habari ya ndege ndogo, ile ya kwenda porini ambako barabara haipitiki.

Mwaka 2019 nilikuwa nikisindikiza mgonjwa wa tumbo kwenda Bukavu. Piloti alimwambia mama mmoja aache gunia lake la mchele, kilo 50. Mama akalia, watu wakamlaumu piloti, na mimi pia. Tulikosea.

Fanya hesabu. Lita moja ya esansi ya ndege ina gramu 720 hivi. Basi gunia lile lina uzito wa karibu lita 70. Cessna 206, ya viti 6, hunywa lita 55 hadi 60 kwa saa. Gunia moja ni zaidi ya saa moja ya kuruka! Porini pampu ya mafuta ni nadra, kwa hiyo piloti hubeba ya kwenda, ya kurudi na ya akiba, angalau dakika 30 mchana kwa kanuni za kimataifa. Uzito ukizidi, yeye hupunguza mzigo au mafuta. Wewe ungependa apunguze nini?

Kiwanja cha Kavumu kiko juu, mita 1,700 hivi. Hewa ni nyepesi na motere hupungua nguvu kabla ya kuondoka chini. Magharibi yake umesimama mlima Kahuzi, mita 3,308. Mawingu yakiufunga, piloti huzunguka, na hapo ndipo akiba huliwa. Kwa hiyo taja uzito wako wa kweli, wala usifiche kitu chini ya kiti.

Tena mafuta yanaweza kuwapo yasifike kwenye motere. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, Kenya, aliruka peke yake kutoka Uingereza mwezi wa 9 mwaka 1936 kuvuka Atlantiki. Barafu iliziba tundu la kupumulia la tangi. Wajua mkebe wa maziwa uliotobolewa tundu moja tu? Maziwa hayatoki. Motere ikazimika, akaangukia kwenye matope huko Kanada, akatoka hai.

Kwetu barafu si shida kubwa. Shida ni maji. Pipa likisimama wima mvuani, maji hukusanyika juu ya kifuniko na kupenya ndani. Lilazwe ubavu. Na yule anayechota esansi ya pipa kwa pikipiki yake, kisha akajazia maji, ajue nani atapanda ndege hiyo: labda mke wake mwenye uchungu wa kuzaa. Asubuhi piloti akichuja mafuta kidogo kwenye glasi, anatafuta maji hayo. Usimharakishe.

Motere ikinyamaza angani, ndege haianguki kama jiwe. Kutoka mita 1,000 juu ya ardhi huteleza kilometa 8 hivi. Kaza mkanda, ondoa kalamu na miwani, inama, na usimpigie piloti kelele.

Mchele wa yule mama ulifika juma lililofuata.