Tumbaku huuzwa Mei, ada hudaiwa Oktoba

Soko la tumbaku mkoani Tabora lina kalenda yake, na vyuo vina kalenda yake. Kalenda hizo mbili hazikutani. Pengo lililo kati yake ni gharama isiyoandikwa katika orodha yoyote ya ada, lakini mkulima wa Urambo, Kaliua au Sikonge mwenye mtoto chuoni huilipa kila mwaka.

Tuanze na shamba. Mbegu hutiwa kitaluni kabla ya mvua, miche huhamishiwa shambani mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka, na majani huvunwa na kukaushwa kwenye mabani katika miezi ya kwanza ya mwaka unaofuata. Masoko hufunguliwa kati ya Aprili na Mei na kuendelea kwa miezi kadhaa. Bei hukubaliwa kwa dola ya Marekani kwa kilo, gredi kwa gredi, na malipo hupitia chama cha msingi. Deni la mbolea na pembejeo nyingine hukatwa kwanza. Kinachobaki ndicho mapato ya familia ya mwaka mzima.

Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba na Novemba. Wakati huo fedha za soko zimekwenda kwenye bati, hospitali na madeni ya dukani, na mkulima anatafuta tena fedha za vibarua wa kupanda. Hapo ndipo barua ya chuo inapofika. Mwenye ng'ombe, hasa kule Igunga na Nzega, huwauza mwisho wa kiangazi wakiwa wamekonda. Mwenye mahindi huuza akiba ambayo itambidi ainunue upya Januari kwa bei ya juu. Asiye na chochote huenda kwa wakopeshaji wa mitaani, wale ambao mikopo yao siku hizi inaitwa "kausha damu".

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 na mkopo wa serikali umelipa asilimia 60. Zimebaki 600,000. Mzazi akizikopa Novemba kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi na kuzilipa Mei soko linapofunguka, riba peke yake ni 360,000. Ada haikupanda hata senti moja, lakini sehemu ya mzazi imefika 960,000. Wanaojadili ughali wa elimu ya juu hutazama ada tu. Kwa mkoa unaoishi kwa zao moja la biashara, nadhani wanatazama nusu ya hesabu.

Njia yenyewe anayopita mwanafunzi wa Tabora kwenda Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, kwa reli au kwa basi, inakaribiana sana na njia ya zamani ya misafara iliyounganisha Ujiji, Unyanyembe na Bagamoyo. Katika karne ya 19 kijana wa Kinyamwezi aliifuata akiwa mpagazi wa pembe za ndovu. Safari ya pwani ilikuwa chuo cha namna yake: asiyefika huko alihesabiwa kuwa bado mtoto. Lakini angalia upande wa hesabu. Kijana yule alilipwa vitambaa kama merikani na kaniki, akapewa na posho njiani. Ilikuwa kazi ngumu na wengi walifia njiani, hivyo si jambo la kulilia. Hata hivyo, familia yake haikuuza ng'ombe ili aondoke.

Baada ya uhuru serikali ilibeba mzigo huo kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa uchangiaji, na mzazi akarudishiwa sehemu ya bili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Imewafungulia mlango watoto wengi wa wakulima, lakini mkopo hutolewa kwa kupima uwezo wa familia, na wengi hupata sehemu tu. Kisha kuna kurejesha. Makato yalipandishwa mwaka 2016 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi. Nafuu iliyopatikana ni kufutwa mwaka 2021 kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo.

Hayo ni kwa aliyepata mshahara. Mwaka 2022 serikali ilipotangaza nafasi 17,412 za ualimu na afya, maombi yalizidi 165,000. Ndiyo maana baadhi ya wazazi sasa wanauliza habari za VETA, au za Chuo cha Nyuki kilichopo Tabora penyewe, katika mkoa ambao asali yake haihitaji kutangazwa. Mafunzo ni mafupi na kijana hasafiri mbali, ingawa mizinga na vifaa navyo vinataka mtaji.

Kwa anayelenga chuo kikuu, mambo mengine yanaweza kushughulikiwa wakati soko bado liko wazi. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai. Dirisha la mikopo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka, na ada ya maombi ni shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na fomu zinahitaji saini ya serikali ya mtaa au kijiji na ya wakili au hakimu. Chama cha msingi nacho, kikiwa tayari kinakata deni la mbolea siku ya malipo, kinaweza kwa ridhaa ya mwanachama kukata na akiba ya ada na kuiweka benki hadi Oktoba. Mbolea imekuwa ikikatwa hivyo kwa miaka mingi, na karani ni yule yule.