Kwa nini mkwaruzo wa gari jeupe hauonekani kwenye picha, na namna ya kuunasa kwa simu

Mwenye gari jeupe ameuona mkwaruzo mlangoni. Anaupitishia kidole, upo kabisa. Anatoa simu na kupiga picha tatu. Akizifungua, mlango ni mweupe pe, mkwaruzo haupo.

Jambo hilo ni dogo mpaka siku ya mabishano. Gari lilikodishwa, limerudi na alama. Au limetoka gereji likiwa na mbonyeo, na fundi anasema ulikuwepo tangu lilipoingia. Siku hiyo picha ndiyo shahidi, na shahidi asiyeonyesha kitu hamsaidii mtu.

Mara nyingi kosa si la simu. Shida ni mwanga.

Weupe unaficha alama

Rangi yote ya kiwandani kwenye bodi ya gari kwa kawaida ina unene wa milimita 0.1 hadi 0.15 tu. Juu yake kabisa kuna tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo ndilo hulipa gari mng'aro. Mikwaruzo mingi midogo, kama ile ya kitambaa chenye mchanga wakati wa kuosha, huishia kwenye tabaka hilo.

Kingo za mkwaruzo hutawanya mwanga. Kwenye gari jeusi, mwanga huo unaonekana haraka, kama uzi mweupe kwenye kanzu nyeusi. Kwenye gari jeupe, rangi yenyewe tayari inarudisha mwanga mwingi kila upande. Uzi mweupe umeangukia kwenye shuka jeupe.

Simu nayo huongeza tatizo. Gari likiwa mbele ya lami au miti yenye kivuli, kamera hupandisha mwanga wa picha nzima, na weupe "unaungua" hadi alama zote zinafutika. Tena kamera hutafuta mpaka kati ya giza na mwanga ili ipate fokasi. Sehemu nyeupe tupu haina cha kushikwa, hivyo picha inatoka na ukungu.

Mwanga upite ubavuni

Flashi izimwe. Mwanga unaotoka kwa mpigaji moja kwa moja hujaza hata kivuli kidogo kilichomo ndani ya mkwaruzo. Kinachotakiwa ni mwanga unaopita sambamba na bodi, karibu kuigusa.

Kwa boneti na paa, jua la asubuhi au la jioni linafaa kwa sababu liko chini. Kwa milango, gari ligeuzwe hadi jua liwe mbele au nyuma yake, ili mwanga uteleze ubavuni. Usiku, mtu wa pili anaweza kushika tochi karibu na bodi, pembeni ya mkwaruzo, huku mwenzake akipiga picha.

Kabla ya kupiga, kidole kibonyezwe na kushikiliwa kwenye kioo cha simu, pale penye dosari. Kwenye simu nyingi hutokea alama ya jua. Ikivutwa chini, picha inaingia giza kidogo. Mlango mweupe ukianza kuonekana wa kijivu hafifu, mikwaruzo nayo huanza kujitokeza.

Kwa mbonyeo, ipigwe picha ya kinachoakisiwa

Mbonyeo hauna rangi yake, unachofanya ni kupinda kile kinachoakisiwa juu yake. Kwa hiyo mpigaji atafute kitu kilichonyooka na cheusi kuliko gari: nguzo ya umeme, ukingo wa paa, fremu ya dirisha. Ndani ya gereji, taa ndefu ya tyubu inafanya kazi hiyo hiyo. Asogee taratibu mpaka mstari wa kitu hicho upite juu ya sehemu inayotiliwa shaka. Bodi ikiwa sawa, mstari unapita bila kukatika. Ikiwa imebonyea, mstari unapinda kama nyoka.

Hapa video fupi inaweza kuzidi picha. Mtu akitembea polepole kando ya gari huku akirekodi, akisi inateleza kwenye bodi na kuruka ghafla pale penye mbonyeo.

Rangi iliyopigwa upya

Mnunuzi wa gari lililotumika huwa na swali jingine: je, mlango huu ulishapigwa rangi? Nyeupe hazifanani. Kuna inayoegemea bluu, kuna inayoegemea njano, na nyeupe ya lulu hubadilika kulingana na pembe ya kuangalia. Mlango na madigadi ya jirani viingie kwenye picha moja, gari likiwa kivulini mchana. Taa za njano zikwepwe, maana zinabadilisha rangi zote. Picha nyingine ipigwe kutoka pembe tofauti, kwani tofauti iliyojificha mbele yaweza kujitokeza ubavuni.

Picha tatu kwa kila dosari

Gari lioshwe na kukaushwa kwanza. Vumbi huficha mikwaruzo, na tone la maji huonekana kama dosari.

Picha ya kwanza ionyeshe gari zima pamoja na namba zake. Ya pili ionyeshe mlango au bampa husika. Ya tatu iwe ya karibu, kwa kusogeza simu badala ya kukuza picha kwa vidole. Kando ya dosari kibandikwe kipande cha ule utepe wa karatasi ambao mafundi rangi huutumia kuziba vioo. Utepe huo unaonyesha mahali pa kutazama, unasaidia kukadiria ukubwa, na ukingo wake unaipa kamera kitu cha kupatia fokasi.

Kuzituma bila kuziharibu

Kazi yote hiyo inaweza kupotea kwenye WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na mikwaruzo midogo ndiyo hutangulia kupotea. Taarifa za tarehe na saa zilizomo ndani ya picha nazo huondolewa. Ikitumwa kama dokumenti, inafika kama ilivyopigwa. Picha za awali zibaki kwenye simu bila kuhaririwa wala kuwekewa urembo.

Jambo la mwisho ni wakati. Picha zipigwe kabla funguo hazijakabidhiwa, fundi au mwenye kukodisha akiwa amesimama hapo hapo, naye aonyeshwe kila moja kwenye kioo cha simu. Dosari iliyotazamwa na wote wawili asubuhi ni vigumu kubishaniwa jioni.