Je, Wajua? Diski ya London Inaweza Kugoma Gisenyi

Tamthilia ya muziki Cats ilirekodiwa katika ukumbi wa Adelphi, London, na kutolewa kwa video mwaka 1998. Ukinunua DVD yake huko na kuileta Gisenyi, deki yako inaweza kuikataa, hata kama diski haina mkwaruzo. Sababu ni kufuli la kanda: deki husoma diski za kanda yake tu. Wenye filamu waliigawa dunia katika kanda 6 za mauzo: Marekani ni ya 1, Uingereza ya 2, na Rwanda ya 5, kundi moja na India, Urusi na jirani zetu wa Goma. (Ndege na meli za abiria zina kanda yao nje ya hizo, ya 8!) Ajabu ni kwamba Afrika Kusini imo katika kanda ya 2 pamoja na Ulaya.

VCD, iliyoanza 1993, haina kufuli hilo. Ila hubeba takriban dakika 74 tu, hivyo onyesho la saa mbili huhitaji diski mbili, na lazima mtu ainuke kubadilisha wakati wengine wameshanogewa. Kwa kawaida huwa ni mtoto wa mwisho.