Mac ni mwana wa nani?

'Mac' katika Kigaeli cha Uskoti ni mwana wa kiume, sawa na 'arap' ya Wakalenjin au 'bin' ya Waarabu. MacGregor, basi, ni mwana wa Gregor. Lakini mwaka 1603 Mfalme James wa Sita alilipiga jina hilo marufuku. Wenyewe wakajiita Campbell, Murray au Drummond, na marufuku ilipoondolewa kabisa mwaka 1774 si wote waliolirudia. Sasa kitukuu atamsakaje babu?

Atakimbilia madaftari ya parokia, maana serikali ilianza kusajili vizazi na vifo mwaka 1855. Mapengo humo ni tele. Karani aliandika ubatizo na ndoa, mazishi kwa nadra. Waumini wa madhehebu mengine mara nyingi hawamo. Tena kuanzia 1783 hadi 1794 kila aliyeandikishwa alitozwa peni tatu. Maskini wakanyamaza zao.

Kuna na tafsiri. Mac an t-Saoir, mwana wa seremala, huku ni Macintyre, kule ni Wright. Kumbe ndugu! Mimi ningeanzia kwa akina mama: madaftari ya Uskoti kwa kawaida huwaandika kwa jina la kwao, hata wakishaolewa.