Nyoka-Kijiti: Mfahamu Kabla ya Kununua Dawa

Katika vichaka na misitu ya mwambao wa Afrika Mashariki huishi nyoka mwembamba ambaye wapita njia wengi humdhania kuwa tawi kavu. Wanasayansi huiita jenasi yake Thelotornis. Katika makala haya tutamwita nyoka-kijiti. Urefu wake huweza kuzidi mita 1, ilhali wembamba wake ni kama wa kidole. Rangi yake ya kijivu yenye mabaka hufanana na gome la mti.

Huwinda mchana. Hutulia tawini bila kutikisika, akiwavizia mijusi, vinyonga na vyura. Mboni za macho yake zimelala mlalo, mfano wa tundu la ufunguo, nazo humsaidia kukadiria umbali wa windo. Akitishwa huvimbisha shingo. Asipochokozwa, hapendi ugomvi na binadamu.

Meno yake ya sumu yako nyuma ya taya la juu, na kwa sababu hiyo zamani alihesabiwa kuwa hana madhara makubwa. Mwaka 1975, Robert Mertens, mtaalamu wa nyoka wa Ujerumani, alifariki baada ya kuumwa na nyoka wa jenasi hii aliyekuwa akimfuga. Sumu hiyo huiondolea damu uwezo wa kuganda. Maumivu ya mwanzo huweza kuwa madogo, na damu ikaanza kutoka kwenye fizi, puani au katika mkojo baada ya saa nyingi, hata siku kadhaa.

Ucheleweshaji huo ndio unaomponza mtumiaji. Aliyewekewa jiwe la nyoka au kunyweshwa dawa ya mitaani hujiona hajambo siku ya kwanza, akaamini amepona. Muuzaji naye hupata sifa asiyostahili.

Zingatia yafuatayo:

1. Kila dawa ya kuzuia sumu hutengenezwa kwa nyoka maalumu waliotajwa kwenye maelezo yake. Haipo sokoni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya nyoka-kijiti. Anayekuuzia "dawa ya nyoka wote" anakupotosha.

2. Usichanje, usinyonye wala usifunge kamba jeraha. Mtulize aliyeumwa, kiungo kisitikisike, na umfikishe hospitalini upesi.

3. Hata asipohisi maumivu, damu yake ipimwe na awe chini ya uangalizi. Hospitali yaweza kumwongezea damu, jiwe haliwezi.

4. Ukimwona mtini, mwache.